Pedali Niliyoikanyaga Makambako

Mpaka leo nikisikia harufu ya pilau iliyopoa kwenye masinia, natoka nje kutafuta hewa. Mdogo wangu wa kike huniambia nimezidi, chakula hakina kosa. Ni kweli hakina. Lakini mwili hauna adabu. Umeishika harufu ile pamoja na mambo niliyoyaona siku hiyo, na hautaki kuviachanisha.

Kazi yangu ni miche ya parachichi. Nina kitalu Njombe mjini, kwenye mteremko, na asubuhi nyingi za mwaka utanikuta nimevaa masweta mawili, najaza udongo kwenye viriba huku ukungu haujaondoka. Gitaa nilifundishwa na baba. Alikuwa mwalimu wa kwaya katika kigango kimoja karibu na Uwemba, na kwa kuwa kaka zangu hawakuwa na subira ya kukaa chini, alinikalisha mimi, akawa ananigonga vidole kwa penseli kila nilipokosea. Lake lilikuwa gitaa la kawaida, lisilo la umeme. Hili la umeme nilinunua mwenyewe baada ya yeye kufariki, la mtumba, jekundu, limechubuka mgongoni.

Aliyeniingiza kwenye bendi ni mpiga kinanda mmoja wa Makambako. Alinikuta kwenye sherehe ya parokia nikiwapigia akina mama wa kwaya, akasubiri nimalize, akanifuata nyuma ya kanisa. Mtu mzima, suti inayong'aa, sauti ya upole.

"Kamwene, dada," alinisalimu kwa lugha ya nyumbani, kisha akageukia Kiswahili. "Mikono kama hiyo unaiachaje ikaishia kwenye udongo?"

Akasema ana bendi ya harusi na amekosa mpiga gitaa wa uhakika. Mtu akisifia mikono yako unamwamini haraka. Nilimwamini.

Bendi yenyewe haikuwa kubwa. Yeye na kinanda chake, waimbaji wa kukodi waliokuwa wakibadilika kila mara, na fundi mitambo, mwanamume mnene aliyekaa nyuma kabisa ya ukumbi na meza yake ya vitufe, anatafuna karanga tangu mwanzo wa sherehe hadi mwisho. Nyimbo nilikuwa napewa kwenye simu wiki nzima kabla, nazisikiliza kitaluni na kuzifanyia mazoezi jioni. Siku ya harusi napanda gari kwenda Makambako, navaa gauni la kitenge lililoshonwa kwa maelekezo yake, linalobana kuliko ninavyopenda, nasimama mbele.

Alitaka nisimame mbele hasa. Tena nitembeetembee. Ndiyo maana alinipa waya mrefu sana, kwa kweli nyaya mbili zilizoungwa katikati na kufungwa kwa solatepu. Ule waya ulitoka kwenye gitaa ukapita sakafuni mpaka kwenye amplifaya ndogo iliyokuwa pembeni ya jukwaa, karibu na soketi, na kutoka kwenye amplifaya hiyo sauti ilipelekwa kwa fundi mitambo, yeye ndiye aitoe kwenye spika kubwa za ukumbini. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa.

Kilichonisumbua ni sauti. Kwenye ile amplifaya ndogo gitaa langu lilisikika limefifia, kama mtu anayeongea huku amejifunika blanketi. Spika kubwa zilikuwa zinaelekea kwa wageni, kwa hiyo sisi wa jukwaani tulibaki na mngurumo tu wa besi na ngoma. Nilimweleza yule mpiga kinanda, kiongozi wetu.

"Huku nyuma usihangaike napo," alinijibu. "Kule ukumbini unasikika kama kengele. Huoni watu wanavyokusifia?"

Walinisifia kweli. Bwana harusi mmoja alinishika mkono wakati wa kuaga, akaniambia ile solo ya katikati ya wimbo wa kuingilia imemtoa machozi. Nilimshukuru. Njiani nikawa najiuliza ni ipi hiyo ya katikati, maana pale katikati nilikuwa nimepiga vitu vya kawaida tu.

Nikampigia simu rafiki wa siku nyingi, mpiga gitaa wa Dar es Salaam. Nilipomtajia urefu wa waya alicheka.

"Umejinyonga na huo waya," alisema. "Gitaa lako linatoa umeme kidogo sana. Ukiusafirisha mbali hivyo, zile sauti nyembamba, zinazong'aa, zinapotelea njiani. Unahitaji bafa. Inaupokea ule umeme mdogo pale miguuni pako, inautia nguvu ya kusafiri, unafika ulivyotoka."

"Na wakati wa solo? Nataka nitokeze."

"Hapo unahitaji busta safi. Ukiikanyaga inakuza sauti basi. Haikwaruzi, haigeuzi kitu. Gitaa ni lilelile, ila limekusogelea."

Alikuwa na pedali moja yenye vyote viwili, ambayo haitumii tena, akanitumia kwa basi. Kiboksi cha chuma cha rangi ya maziwa, chenye kitufe kimoja cha kuzungusha na swichi ya kukanyaga, kinatosha kwenye kiganja. Nikakikimbiza nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Mdogo wangu, ambaye naishi naye, aliniona natandaza ule waya kutoka sebuleni, unapita koridoni, unaingia chumbani na kurudi mpaka kwenye kiamplifaya changu cha mazoezi. Nikamwambia afumbe macho. Nilipiga kwanza bila pedali, halafu nikaiweka katikati ya gitaa na waya, nikapiga tena vilevile.

"Umefungua nini?" aliuliza, macho bado ameyafumba.

"Sijafungua kitu."

"Kuna kitu kimefunguka."

Kisha nikaikanyaga. Sauti ikajaa nyumba, safi, haina hata mkwaruzo mmoja, nikasikia mpaka ule mlio mdogo wa kidole kinapohama kwenye uzi wa gitaa. Jirani aligonga ukuta. Nilifurahi kiasi kwamba nilimwalika mdogo wangu kwenye harusi iliyokuwa inafuata, aje akae nyuma ya ukumbi, aniambie kama sauti inafika. Tulikubaliana: nikikanyaga pedali, naye akasikia imepanda, anyanyue mkono.

Harusi ilikuwa ya mchana, kwenye ukumbi mmoja wa Makambako karibu na barabara kuu, malori ya mbao yanapita nje na kutikisa vioo. Niliwahi, nikaunganisha pedali yangu. Kiongozi aliiona, akainama, akaigusa kwa ncha ya kiatu.

"Hii nini tena?"

Nilimweleza. Nilimweleza kwa furaha, kama mjinga, habari zote za bafa na waya mrefu. Alinisikiliza huku akitabasamu, akamtazama fundi mitambo kule nyuma, fundi naye akatabasamu akiwa na karanga mdomoni.

"Vizuri sana, dada," alisema. "Kanyaga tu."

Wimbo wa kuingilia ulipoanza, maharusi wakaja wanacheza taratibu, mama wa bibi harusi mbele yao kwa vigelegele. Ilipofika zamu yangu nikakanyaga. Ile amplifaya ndogo ya pembeni ilipaza sauti kiasi cha kumfanya mwimbaji aruke. Nikatazama nyuma ya ukumbi. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono kifuani.

Nikakanyaga kuzima, nikakanyaga tena kuwasha. Nikazungusha kitufe mpaka mwisho. Mwimbaji alinikodolea macho, akasogea mbali na mimi. Mdogo wangu akatikisa kichwa: hapana.

Nilidhani haelewi. Wimbo uliofuata, wageni walipoitwa kucheza, niliamua kwenda kujisikiliza mwenyewe. Waya ulikuwa mrefu wa kutosha, si ndiyo alivyotaka? Nikaichomoa pedali, waya nikauchomeka moja kwa moja kwenye gitaa, nikashuka jukwaani huku napiga, mshereheshaji akashangilia kwenye kipaza sauti, "Mpisheni malkia wa gitaa!" Watu wakanipisha. Nikapita katikati yao mpaka mbele ya spika kubwa.

Gitaa lilikuwa linasikika. Zuri, la kung'aa, lenye maringo. Nikalisikiliza, na baada ya muda nikaona kwamba linafanya vitu ambavyo vidole vyangu havifanyi. Linapanda pale ambapo mimi nashuka. Lina kitetemo mwishoni mwa kila mstari ambacho sijawahi kukiweza.

Nikaacha kupiga. Niliuondoa kabisa mkono wa kulia kwenye nyuzi, nikauning'iniza ubavuni.

Gitaa likaendelea.

Nilisimama pale katikati ya watu wanaocheza, gitaa jekundu limening'inia shingoni, mikono haifanyi kitu, na wimbo wangu unapigwa. Hakuna aliyeona. Babu mmoja, jasho linamtiririka, mdomo unanuka pombe ya ulanzi, alinijia akicheza, akatoa noti, akailamba upande mmoja na kunibandika kwenye paji la uso. "Unajua, mama, unajua!" alinipigia kelele sikioni. Mate yake yaliteremka mpaka kwenye nyusi. Mwingine akaja na yake, akaichomeka kwenye kola ya gauni, akachelewa kutoa vidole. Wakanitunza hivyo, mstari mzima, nami nimesimama kama mnazi, na juu yetu yule mtu nisiyemjua anapiga gitaa kwa raha zake.

Nilichokisikia hakikuwa hasira. Hasira ingekuwa afadhali, ina moto. Hiki kilikuwa kama pale unapotafuna tonge ukagundua ndani kuna kitu kinachotembea. Nilitamani kutema, na hakukuwa na pa kutemea.

Chakula kilipotangazwa, muziki ukasimama. Nilimkuta kiongozi nje, nyuma ya ukumbi, mahali ambapo wapishi walikuwa wanapakua. Masinia ya pilau yalikuwa yamepangwa chini, mengine yameshaanza kupoa na kuganda mafuta, nzi wanatembea juu. Yeye na fundi mitambo walikuwa wamekaa kwenye kreti za soda, wanakula paja la mbuzi kwa zamu. Mdogo wangu alikuja nyuma yangu.

"Sauti ya gitaa langu iko wapi?" nilimuuliza.

"Iko, dada. Kaa ule."

"Nimesimama mbele ya spika. Sikuwa napiga. Gitaa likawa linapigwa. Nani anapiga?"

Fundi mitambo alikohoa karanga au nyama, sijui, akaangalia pembeni. Kiongozi hakushtuka hata kidogo. Alilamba kidole gumba, akalamba cha shahada, akamaliza vyote, kimoja kimoja, kana kwamba jibu liko mwishoni mwa vidole.

"Limo kwenye kinanda," alisema. "Nyimbo zote zimo. Ngoma, besi, gitaa. Hata mimi mara nyingi nakuwa nagusagusa tu."

"Na langu?"

"Lako tumelifunga. Kule kwa fundi, kitufe chako kiko chini."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Usichukulie vibaya. Gitaa la mkono lina mambo mengi, leo waya umekatika, kesho umechoka, keshokutwa umekosea mbele ya wakwe za watu. Lile la kwenye kinanda halikosei." Akanisogezea mfupa, kunikaribisha. "Watu hawaji kukusikia, dada yangu. Wanakuja kukuona. Mwanamke na gitaa, gauni zuri. Bendi nyingine hazina."

"Na yule anayepiga ni nani?"

Alifikiri. Naamini hakuwahi kujiuliza.

"Sijui. Nilinunua kinanda kikiwa na flashi yake, Mbeya."

Mdogo wangu alimwambia neno la Kibena ambalo sitaliandika hapa. Yeye akacheka, mafuta yanamng'aa kidevuni, akamwambia mdogo wangu naye ni mzuri, akitaka atamtafutia gitaa. Niliegemea ukuta wa ukumbi nikatapika, karibu na masinia, na mpishi mmoja akanifokea nihame na uchafu wangu.

Ningeondoka wakati ule, hadithi ingekuwa safi zaidi. Sikuondoka. Nilinawa uso bombani, nikarudi jukwaani kabla ya wengine. Ile amplifaya ndogo nikaibeba kutoka pembeni, nikaiweka mbele kabisa, inawatazama wageni, nikafungua sauti yake mpaka mwisho, nikairudisha pedali kwenye waya. Walipoanza wimbo wa kulishana keki, nikakanyaga busta.

Sasa nilisikika. Meza za mbele zote ziligeuka. Lakini nisikudanganye kwamba ilikuwa tamu. Lile gitaa la kwenye kinanda lilikuwa linakwenda njia yake, langu njia yangu, yanakanyagana. Kiongozi alinifanyia ishara za kichwa, mimi nikapiga zaidi. Fundi mitambo akapandisha spika kubwa kunizima, nami nikapandisha. Bibi harusi alisimama na kipande cha keki mkononi, hajui acheze au angoje. Watoto wakaziba masikio.

Mama wa bibi harusi alikuja mpaka chini ya jukwaa. Mama wa makamo, mweusi, mkono ameuweka kifuani, kilemba kimeanza kulegea. Nilidhani atanifokea. Aliongea kwa upole, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mwanangu, mbona unatuharibia? Mtoto wangu ni huyu mmoja."

Ningemwambia nini? Kwamba amelipia bendi akaletewa flashi? Kwamba gitaa lililomchezesha mchana kutwa halina mwenyewe? Alikuwa amechoka na amefurahi, na macho yake yalikuwa kwa binti yake. Nikazima pedali.

"Nisamehe, mama," nilimwambia, na nilimaanisha.

Nikachomoa waya. Kwenye spika hakuna kilichobadilika. Wimbo uliendelea vizuri kuliko dakika moja iliyopita, bibi harusi akalishwa keki, watu wakapiga vigelegele. Zile noti za kutunzwa nilizikusanya kwenye kitambaa, nikaziacha juu ya kinanda, mbele ya kiongozi. Alizitia mfukoni kwa mkono mmoja huku mwingine unagusagusa vitufe.

Tulirudi Njombe jua likiwa bado liko juu. Mdogo wangu alitukana njia nzima kwa niaba yangu. Nyumbani niliosha uso kwa sabuni ya kufulia, hasa kwenye paji, mpaka ngozi ikawasha, na gauni lile nilimpa akatie viraka kwenye mito.

Kwa muda sikugusa gitaa. Kila nilipolishika nilikuwa namsikia yule mwingine, yule wa kwenye flashi, anavyotetemesha mwisho wa mstari, na nilikuwa namchukia bila sababu. Huenda hata yeye hajui amecheza harusi ngapi za Makambako. Akina mama wa kwaya ya kigangoni kwetu ndio walionirudisha, tena si kwa kunibembeleza. Walikuja kitaluni kununua miche, wakanikuta nimenuna, wakaniambia Jumapili mpiga gitaa wao anaumwa. Sasa napiga huko. Amplifaya iko ng'ambo ya altare, waya ni mrefu, kwa hiyo bafa inafanya kazi yake. Busta siikanyagi mara nyingi. Mwenyekiti wa kwaya anasema inamtoboa masikio. Nikikosea, wanageuka wote kuniangalia.

Miezi kadhaa baadaye nilipeleka miche Makambako, nikaona tangazo la ile bendi limebandikwa kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi. Mbele ya picha kulikuwa na msichana mwingine, gauni la kitenge la kubana, gitaa jeusi. Damu ikanichemka kwa ajili yake. Nikauliza, nikaelekezwa saluni anakofanya kazi katikati ya wiki.

Nilimkuta anasuka mteja. Msichana mchangamfu, hana hata miaka ya kuitwa mama. Alinipa kiti, akaniamkia vizuri. Nikajitambulisha, nikamwambia niliwahi kupiga gitaa kwenye bendi yake, nikamweleza yote: mazoezi ya wiki nzima, pedali, kitufe kilichofungwa, kinanda, flashi, watu wanaokubandika noti usoni kwa kazi ya mtu mwingine. Nilimweleza taratibu, maana nilijua habari yenyewe inauma.

Alinisikiliza bila kuacha kusuka. Nilipomaliza, yeye na mteja wakatazamana.

"Dada, kwani wewe hukujua?" aliniuliza.

"Nijuaje?"

"Mimi gitaa langu halina hata waya. Siku ya kwanza aliniambia, wewe tikisa tu." Akaonyesha kucha zake, ndefu, zimepakwa rangi ya zambarau. "Na hizi ningepigaje?"

Mteja alicheka mpaka kichwa kikamponyoka msichana mikononi.

"Sasa wewe," msichana aliendelea, na nilimwona ananihurumia kweli, "ukawa unafanya mazoezi? Wiki nzima?"

"Ndiyo."

"Na ukanunua na mashine?"

"Sikununua. Nililetewa."

"Pole, dada," alisema. "Pole sana."

Nikamshukuru, nikatoka. Nje vumbi la malori lilikuwa limening'inia barabarani, na ile ladha chungu ya siku ya harusi ikanirudi mdomoni. Nilisimama kando ya mtaro nikatema, nikatema tena. Mwanamke aliyekuwa anauza mahindi ya kuchoma akaniuliza kama nina mimba.

"Hapana," nilimwambia. "Nimetoka kusalimia mtu."